Soli za Viatu vya Wakubwa
Wiki hii, Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, vijana walikuwa wakisukumana wapate picha kando ya Rolls-Royce iliyowabeba magavana wa Kiingereza, kisha ikambeba Mwalimu Nyerere. Gari zuri, sikatai. Hata mimi nilipiga picha. Ila gari la serikali linakwambia cheo tu, na ukitaka kumjua mkubwa, geuza kiatu chake uone soli ilivyoliwa. Vitu vya kila siku ndivyo vinavyomsimulia mtu. Mwaka 2020 huko Bristol, Uingereza, bahasha ilikutwa kwenye sanduku la barua la kampuni ya mnada, nusu ndani nusu nje, imekaa hivyo wikiendi nzima. Ndani mlikuwa na miwani ya duara ya Gandhi, mtu aliyekuwa na desturi ya kugawa vitu vyake. Ikauzwa pauni 260,000. Mwenyewe nadhani angecheka. Kwetu mzee akifa, arobaini haijafika, kanzu na bakora wameshagawana wapwa, redio iko kwa fundi, na daftari lake la madeni linafungia maandazi. Tunachofungia kabatini kwa heshima zote ni ngao na vinyago alivyozawadiwa ugenini, ambavyo pengine hakuvigusa mara ya pili. Tunahifadhi itifaki, mtu tunamtupa. Anayebisha kuwa mtu hujulikana nyumbani kuliko garini, apande daladala hadi Magomeni, Mtaa wa Ifunda, aingie nyumba aliyoishi Mwalimu na familia yake enzi za kudai uhuru.