Mama aelezwe kabla ya kukubali kisu

Ndugu Mhariri,

Natoa maoni yangu kuhusu maradhi ambayo akina mama wengi wa huku kando ya Ziwa Viktoria huyaficha, yaani kutokwa na mkojo bila hiari wanapokohoa, wanapocheka au wanapojitwika ndoo ya maji.

Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi kijijini. Katika mikutano ya wazazi huwaona akina mama wanaokaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Baadhi yao wamenieleza sababu, na swali lao huwa moja: "Mwalimu, hii ndiyo fistula? Nitapasuliwa?"

Elimu ya fistula imefika vijijini, na hilo ni jambo la kushukuru. Fistula ni tundu baina ya kibofu na uke, linalosababishwa hasa na uchungu pingamizi, na mkojo huvuja usiku na mchana. Kwa kawaida tiba yake ni upasuaji. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza imewatibu wengi. CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na mwaka 2009 ilianza hata kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa.

Lakini mama anayevuja wakati wa kukohoa tu, mara nyingi hana tundu lolote. Misuli inayoshikilia kibofu imelegea, hasa kwa sababu ya kuzaa. Wapo pia walioshonwa fistula, tundu likaziba, na bado wakaendelea kuvuja wakikohoa.

Tofauti hiyo ni kubwa. Kulegea huku kunamnyima mama raha na heshima, lakini hakumwui. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumharakisha. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ambayo hayana gharama, ila yafanywe kila siku kwa muda usiopungua miezi 3, na mama aelekezwe vizuri. Kuna pete maalum ya kuvaa ukeni. Hayo yasipotosha, ndipo unapokuja upasuaji, nao si wa aina moja. Daktari anaweza kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi, au kuitegemeza kwa utepe uliotolewa katika mwili wa mama mwenyewe, au kwa utepe wa plastiki.

Ndugu Mhariri, utepe huo wa plastiki una somo kwetu. Ulienea duniani tangu miaka ya 1990, na wengi uliwasaidia. Lakini wengine walipata maumivu yasiyokwisha. Scotland iliomba usimamishwe mwaka 2014, na England iliagiza hivyo mwaka 2018. Ripoti ya tume ya Baroness Julia Cumberlege ya mwaka 2020 ilieleza kwamba wanawake hawakuelezwa madhara kikamilifu, na walipolalamika hawakusikilizwa. Ikiwa hayo yametokea katika nchi zenye madaktari wengi, je, mama wa Ukerewe anayefika hospitali akiwa amechoka na safari ya kivuko?

Huku kwetu mara nyingi shauri hukatwa na mume, mama mkwe au mfuko wa pesa. Mwenye maradhi huulizwa mwisho. Naomba kila mama aulize, naye ajibiwe kwa lugha anayoielewa: Je, ninalo tundu au misuli imelegea? Kuna njia gani bila kisu? Upasuaji huu una madhara gani, na kuvuja kunaweza kurudi? Nikizaa tena itakuwaje? Maana kuzaa baada ya upasuaji kunaweza kuharibu kazi yote iliyofanyika.

Lipo na swali la tano, nalo ni la nyumbani. Aliyepasuliwa hutakiwa asiinue mizigo mizito kwa wiki kadhaa. Nani atachota maji ziwani? Nani atabeba kuni na magunia ya dagaa? Mama asiye na jibu hukataa upasuaji anaouhitaji, au hukubali kisha akarudia ndoo kabla ya kupona. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetufupishia njia sisi wa Sengerema kwenda Bugando, lakini halituchotei maji.

Kwa hiyo nashauri wauguzi wa zahanati wafundishe mazoezi hayo siku za kliniki ya mama na mtoto, na waeleze tofauti ya maradhi haya mawili. Akina baba nao nawaomba: kazi yenu si kumkatia mama shauri la mwili wake. Kazi yenu ni kushika ndoo.

Mwalimu wa Kijijini,
Sengerema, Mwanza.