Gari Jepesi, Njia Nzito

Kuruta mmoja, kijana apendaye mno mambo ya magari, alitujia jioni moja hapa Cyanzarwe akiwa ameshika picha iliyokatwa gazetini. Ilikuwa picha ya gari dogo, la chini, lenye umbo la kabari, jeupe lenye mistari ya kijani na nyekundu, nalo limetapakaa matope hadi kwenye kioo. “Afande,” alituuliza, “nimesoma kwamba gari hili lilikuwa bingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo. Imekuwaje likashindwa kule Kenya na Peugeot 504, gari ambalo wazee wetu walilipanda kama teksi?”

Tulimjibu kwa mkato, kwani ulikuwa wakati wa kubadilishana zamu. Lakini swali lake halikututoka moyoni. Lahusu kazi yetu sisi wanajeshi na ndugu zetu wa polisi kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, na leo twapenda kumjibu kwa kirefu.

Gari lenyewe ni Lancia Stratos. Asili yake ni maonyesho ya magari ya Turin, Italia, mwaka 1970, ambako karakana ya Bertone ilileta gari la ajabu lililosanifiwa na Marcello Gandini. Kimo chake kilikuwa sentimita 84, yaani chini ya kiuno cha mtu mzima. Yasimuliwa kwamba Nuccio Bertone mwenyewe, alipolipeleka kwa wakubwa wa Lancia, hakungoja kizuizi cha lango kiinuliwe. Alipita chini yake. (Ndugu zetu wa zamu ya langoni watusamehe. Hatukisimulii kisa hiki ili kiigwe.)

Wakati huo Cesare Fiorio, kiongozi wa timu ya mashindano ya Lancia, alikuwa akitafuta mrithi wa Fulvia iliyokuwa imekwisha zeeka. Hadi siku zile desturi ilikuwa kulichukua gari la kawaida la dukani, kulipunguzia vikorokoro, kuliimarisha, kisha kulipeleka mashindanoni. Fiorio na wenzake waligeuza utaratibu huo. Gari lao lilisanifiwa kwa mashindano tangu msumari wa kwanza, na yale ya kuuzwa yalitengenezwa ili kutimiza kanuni tu. Kanuni zilidai magari 500. Hesabu inayotajwa aghalabu ni 492. Ndiyo maana hata leo Stratos ni gari adimu mno, na wenye nayo huitunza kama mboni ya jicho.

Urefu wake haukufika mita 4. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma palikuwa na mita 2.18 tu. Bodi yake ilikuwa ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, na uzito wake ulikuwa chini kidogo ya tani moja. Nyuma ya mgongo wa dereva ilikaa injini ya Ferrari Dino, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 2.4, yenye nguvu za farasi 190 katika gari la dukani na zaidi ya hizo katika gari la mashindano. Mhandisi Mwingereza Mike Parkes, aliyepata kuwa dereva wa Ferrari, alishughulika sana kulijaribu na kulirekebisha. Kifuniko cha mbele na cha nyuma vilifunuka kizima kizima ili mafundi waifikie kila nati bila kupoteza dakika, na ndani ya milango mlikuwa na mifuko mikubwa ya kuwekea kofia ngumu. Hapakuwa na nafasi ya abiria wa tatu, wala ya mzigo wa maana.

Lilipoidhinishwa rasmi mwezi wa Oktoba 1974, Ulaya haikuwa na la kulizuia. Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976. Sandro Munari alishinda Monte Carlo mara tatu mfululizo, 1975 hadi 1977, na mwaka 1979, wakati kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kuliweka kando, Mfaransa Bernard Darniche akashinda huko tena kwa gari lilo hilo. Katika njia nyembamba za milimani, zenye kona juu ya kona, Stratos iligeuka kama paka.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Safari ilianzishwa mwaka 1953, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, kuanzia 1974, ilibaki ndani ya mipaka ya Kenya peke yake. Katika miaka tunayoizungumza ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 5,000, katika siku za Pasaka, yaani masika yenyewe. Barabara hazikufungwa. Dereva aliyetoka kona kwa kasi aliweza kukutana na lori la mahindi, kundi la ng’ombe, au kina mama watokao sokoni. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu.

Stratos ililetwa huko mwaka 1975. Munari alikuwa wa pili, na Msweden Björn Waldegård wa tatu. Mbele yao alikuwa Ove Andersson, naye aliendesha Peugeot 504. Mwaka 1976 nafasi tatu za kwanza zilichukuliwa zote na Mitsubishi Lancer, ya Joginder Singh ikiongoza. Mwaka 1977 Waldegård alishinda, lakini akiwa katika Ford Escort. Munari na Stratos yake akawa wa tatu. Bingwa wa dunia hakupata kuishinda Safari hata mara moja.

Wapo watakaosema kwamba twalionea gari hilo. Watasema kumaliza wa pili na wa tatu katika njia kama zile si haba, tena baada ya 1976 kampuni ya Fiat, mmiliki wa Lancia, ilielekeza fedha na mafundi wake kwenye Fiat 131 Abarth, hivyo Stratos haikupewa muda wa kujifunza Afrika. Hoja hiyo ina haki yake. Hata sisi twakiri kwamba tumesimama mbele ya picha ya kuruta yule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Lakini hebu tutazame gari hilo lilifanywa nini kabla ya kuja. Liliinuliwa tumbo. Likafungwa vyuma vya mbele vya kukinga wanyama, na taa za ziada. Likaongezewa uimara huku na huko, likabebeshwa magurudumu ya akiba na zana, maana porini hakuna karakana. Kila nyongeza ilikuwa ya lazima, na kila nyongeza ilikula kidogo ule wepesi uliokuwa roho ya gari lenyewe. Gari fupi ambalo katika lami ya Monte Carlo hugeuka upesi, katika utelezi wa udongo mweusi hugeuka upesi vilevile, hata pale dereva asipotaka ligeuke.

Peugeot 504 haikuhitaji kugeuzwa tabia. Springi zake zilikuwa laini na ndefu, zikimeza mashimo badala ya kuyapiga. Tena kampuni hiyo ilikwisha soma katika shule ya njia hizi: 404 ilishinda mwaka 1963 kwa mkono wa Nick Nowicki, ikashinda 1966 na 1967 kwa mkono wa Bert Shankland wa Tanzania, ikashinda tena 1968 kwa Nowicki. Miaka kumi na miwili ya kuvunjika na kutengenezwa ilikuwa imekaa ndani ya lile gari la Andersson kabla hajaliwasha.

Na Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, aliyeitwa na wananchi Simba wa Kenya? Huyu alikuwa fundi kabla hajawa dereva mashuhuri. Ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965, aliupata pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha tumika na wengine. Katika Safari 22 alizoshiriki alifika mwisho mara 19. Sisi twaipa heshima hesabu hiyo ya 19 kuliko ushindi wake wote mitatu, na kama ingekuwa amri yetu ingeandikwa juu ya mlango wa kila karakana ya serikali.

Twasema hivyo kwa sababu nasi tumepata kulipa ada ya kosa hilo. Katika masika moja tulipokuwa tukihudumu wilaya hii ya Rubavu, tulipewa habari kwamba mzee mmoja wa kilimani alikuwa mahututi na ilibidi afikishwe kituo cha afya. Palikuwa na magari mawili: lori kuukuu, na gari dogo jipya, jepesi, lililotufurahisha sote kwa mwendo wake. Dereva, sajini wa miaka mingi, alisema tuchukue lori. Sisi tulikuwa tumetoka chuo cha makadeti si zamani sana, na tulidhani twajua maana ya haraka. Tukaamuru gari dogo.

Asiyeijua Cyanzarwe na aambiwe kwamba hapa ni chini ya Nyiragongo. Mlima huo ulitema moto tarehe 22 Mei 2021, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara za Rubavu. Mawe meusi ya volkano yapo mashambani katikati ya viazi na vitunguu, yapo kwenye kuta za nyumba, na yapo barabarani, ambako mvua huyafunua usiku mmoja. Jiwe mojawapo lilipasua sampu ya gari letu, mafuta yakamwagika yote, na injini ikafa pale pale. Mzee alilala ndani ya gari jipya, mvua ikipiga juu ya paa, kwa muda wa saa mbili, hadi sajini alipotembea kwa miguu kurudi kulichukua lori. Mzee huyo alipona. Sajini hakutuambia neno, na ukimya wake ulituuma kuliko karipio.

Tangu siku hiyo tumekuwa na mashaka na kila askari, wa cheo chochote, anayelichagua gari kwa kulitazama. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ilipofurika na watu zaidi ya 130 kupoteza maisha katika mikoa ya nchi yetu, hakuna mwananchi aliyeuliza gari la uokoaji lina nguvu za farasi ngapi. Ndugu zetu wa polisi, ambao tangu 2019 wamekuwa wakihubiri Gerayo Amahoro barabarani, wanalijua jambo hili vizuri zaidi yetu, kwa kuwa wao ndio wanaoitwa kupima alama za matairi baada ya ajali.

Safari ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, sasa ikiwa fupi zaidi, kandokando ya Naivasha, katika barabara zilizofungwa. Magari ya kisasa yana mitambo ambayo Munari hakuiota. Hata hivyo yakifika huko huinuliwa tumbo na kufungwa bomba la kuvutia hewa juu, kwa ajili ya vumbi laini la volkano na maji ya mvua.

Kuruta yule tumemwomba atuachie picha yake. Tumeibandika katika karakana, juu ya sanduku la spea, na sajini mpya wa magari ameuliza kama gari hilo linauzwa. Tulipomwambia bei zake siku hizi, alicheka, akaingia chini ya lori kukagua springi ya nyuma, maana kesho alfajiri linapanda kilimani.