Mara ya Mwisho Ulikuwa Darasa la Sita

Kwa mwezi mzima nimekuwa nikiwauliza marafiki zangu swali moja: mara ya mwisho uliingia makumbusho lini? Jibu ni lile lile, kama kwamba wameambizana. Darasa la sita. Basi la shule, mkate uliopakwa siagi, chupa ya maji iliyokwisha kabla ya kufika, na mwalimu anayefoka tusiguse kitu. Hawa ni watu wazima. Wamesoma, wana kazi, wengine ni waandishi wenzangu. Mmoja alinicheka: "Kwani wewe una watoto wa kuwapeleka?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Tumekubaliana, bila mtu yeyote kupiga kura, kwamba makumbusho ni mahali pa watoto wenye sare na watalii wenye kofia. Mwenyeji mzima akionekana humo peke yake siku ya kazi, wanadhani amepotea njia. Mimi nasema huo ni uzembe, na unatugharimu kuliko tunavyodhani.

Najua nitakachoambiwa. Ati watu wetu hawana utamaduni wa makumbusho. Ati wakienda, huenda kwa sababu za ovyo. Haya, tuzitazame hizo sababu za ovyo. Nenda Makumbusho ya Taifa pale Nairobi siku ya sikukuu. Utakuta familia nzima, mama kavaa nguo ya kanisani, baba kabeba mtoto mabegani, wamekuja kuona nyoka. Nenda Fort Jesus, Mombasa, jua likianza kulegea. Utawakuta wapenzi wameegemea ukuta wanaangalia bahari, na ukiwauliza ngome ilijengwa na nani watakwambia "Wareno," kisha wakugeuzie mgongo waendelee na mambo yao.

Wasomi wanawadharau watu hawa. Mimi siwadharau hata kidogo. Anayefuata nyoka atakutana pia na Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya serikali mwaka 1970, akafa kwa uzee wake mwaka 1974, na sanamu yake imesimama uani kwa ukubwa wake halisi. Mtoto atauliza kwa nini ndovu mmoja alipewa walinzi, na baba itabidi atafute jibu. Wapenzi wa Fort Jesus nao wamekaa ndani ya ukuta ambao Wareno walianza kuujenga mwaka 1593, Waomani wakauteka mwaka 1698 baada ya kuuzingira karibu miaka mitatu, na Waingereza wakaugeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mahali ambapo babu zetu waliingizwa kwa pingu, vijana wetu leo wanaingia wameshikana mikono. Hata wasiposoma neno moja ukutani, kuingia na kutoka wapendavyo ni jambo. Mtu aje kwa sababu yoyote ile. Shida yangu ni na yule asiyekuja kabisa, halafu anatuhubiria kuhusu utamaduni.

Sasa niwaeleze jinsi mimi mwenyewe nilivyofunzwa adabu.

Hawe, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Kilifi, alikuwa hajawahi kuingia makumbusho maishani mwake. Nilimpeleka mimi, miaka minane iliyopita, katika makumbusho moja ya Pwani ambayo sitayataja. Nilijiona mjukuu mwema, msomi, nampeleka mzee akaone mambo. Nilimshika mkono nikaanza kumsomea vibao vya maelezo, maana vyote vilikuwa kwa Kiingereza na yeye hakusoma. Tulipofika kwenye kabati moja la kioo akasimama. Ndani kulikuwa na kitu kirefu chembamba kilichosukwa kwa miyaa. Akaniuliza wameandika nini. Nikamsomea: mfuko wa kubebea.

Hawe alicheka mpaka akashika kiuno. "Mfuko? Wa kubebea nini, mjukuu wangu? Hiki ni kifumbu!"

Akaanza kuonyesha, pale pale, kwa mikono mitupu. Hivi unatia nazi uliyoikuna. Hivi unamimina maji. Hivi unashika huku na huku, unakamua, unasokota, tui linatoka na machicha yanabaki ndani. Askari wa mlangoni alikuja kumwambia apunguze sauti, akaishia kusimama kusikiliza. Watoto wa shule fulani wakawaacha walimu wao wakatuzunguka. Kwa dakika kumi ukumbi ule ulikuwa na mwalimu mmoja tu, na hakuwa mimi.

Alipomaliza akainama kwenye kioo tena. "Na aliyekisuka ni nani?"

Nikatazama kibao. Kilitaja kabila na sehemu kilikotoka. Jina la mtu halikuwepo.

"Ala," akasema. "Basi waliandika ya nini?"

Hawe alifariki mwaka uliofuata. Baada ya matanga dada yangu, binti wa mama mdogo, alitaka kusuka kifumbu kama cha marehemu. Yeye ni msukaji wa mikeka, mikono yake ni mizuri, lakini kifumbu hakuwahi kufunzwa. Sisi sote tunakamulia nazi kwenye chujio la plastiki la dukani, na wengine tunanunua tui la pakiti. Akawauliza akina mama wa mtaani. Walikikumbuka, walikisifu, na hakuna aliyeweza kukianza. Nikamtumia picha niliyopiga siku ile. Akaniambia picha haimsaidii, haionyeshi kitako, na kifumbu huanzia kitakoni. Basi akapanda matatu akaenda mwenyewe. Alikwenda mara tatu. Mara ya tatu alipiga magoti sakafuni, akachungulia kwa chini kupitia kioo, akiwa na miyaa mkononi, akisuka na kufumua. Siku hiyo alirudi nyumbani amekijua.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kile kitu kilikaa kabatini miaka, kimeandikwa jina lisilo lake, kikingoja mtu mwenye haja nacho. Wanaoniambia kila kitu kiko kwenye simu siku hizi, nawaomba wamtafutie dada yangu kitako cha kifumbu kwenye simu. Na wanaosema makumbusho ni makaburi ya vitu vilivyokufa, basi wajue kuna kimoja kilifufuka mbele ya macho yangu, na sasa kinakamua nazi Kilifi.

Lakini nisijifanye kwamba makumbusho hayana dhambi. Yanazo, na nyingine ni nzito. Sisi Wamijikenda tunajua. Vigango, zile nguzo za mbao tunazowachongea wazee wa chama cha Gohu wakishafariki, viliibwa kwa wingi vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa hadi vikafika Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa kwetu akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Kimoja kikaja kuonekana katika makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois, kingine katika chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Vilipofika kwa familia mwaka 2007, mzee alikuwa ameshakufa. Wapokomo nao wanaidai Ngadji, ngoma yao kuu, ambayo British Museum imekuwa nayo tangu 1908 na imekaa ghalani humo kwa zaidi ya miaka mia. Mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo ulihesabu zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 tu. Kwa hiyo mtu asiniambie makumbusho ni mahali patakatifu. Mengine yalijazwa kwa wizi na yanajua.

Nami niko upande wa wanaodai. Vyetu virudi. Hilo halina mjadala.

Ila nina swali ambalo halitapendwa. Virudi kwa nani? Ninawajua watu wanaoandika kwa moto mkali kuhusu Ngadji, na hawajawahi kukanyaga makumbusho yoyote ya Kenya tangu wavue kaptula za shule. Wanajua ghala la London kuliko wanavyojua ukumbi ulio mwendo wa matatu moja kutoka nyumbani kwao. Tukidai kwamba vitu hivi ni roho yetu, halafu vilivyo hapa hapa tumevigeuzia kisogo, yule aliyevishika kule atasema nini? Atasema vimetulia kwake. Hatakuwa na haki, lakini sisi ndio tutakuwa tumempa la kusema.

Na wasimamizi wa makumbusho yetu wasifurahie makala hii mapema, maana na wao nina neno lao. Mbona vibao vingi ni kwa Kiingereza, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010? Mnamwandikia nani? Hawe wangu alikuwa na maarifa kuliko kibao chenu, na kibao kikamfungia mlango. Na kwa nini vitu vyetu vinakuwa vya kabila tu, kana kwamba kabila zima lilikaa chini likasuka kifumbu kimoja? Kila kilichosukwa kilisukwa na mtu, mara nyingi mwanamke, mwenye jina na nyumba na watoto. Hata katika mifupa ya kale tulijifunza kuuliza jina. Yule kijana wa Turkana, mifupa ya takriban miaka milioni moja na nusu iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, dunia ilimwimba miaka mingi pamoja na wazungu wakuu wa msafara. Lakini jicho lililoona kipande cha kwanza cha fuvu lilikuwa la Kamoya Kimeu, aliyeanza kazi hiyo kama kibarua wa kuchimba. Leo ukimtaja kijana wa Turkana bila Kimeu, unajulikana hujui habari. Haki hiyo hiyo ndiyo Hawe alikuwa akimdaia msukaji.

Neno lenyewe lingetutosha. Waingereza wana neno lao walilolirithi kwa Wagiriki, la nyumba ya miungu wa sanaa. Sisi tuliliita makumbusho, kutokana na kukumbusha. Kukumbusha kunataka watu wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Kitu kimekaa pale tayari kukumbusha. Anayekosekana ni sisi. Na kuna ubaya zaidi: mtu hukumbushwa alichowahi kukijua. Waliowahi kukijua kifumbu wanapungua kila mwaka, tunawazika, na kila tunapomzika mmoja kabla hajapita mbele ya kile kioo, kibao chenye makosa kinabaki na neno la mwisho.

Kwa hiyo sikuombi uende makumbusho ili ustaarabike, wala ili upate picha ya kuweka mtandaoni, ingawa ukipiga sitakulaumu. Nakuomba usiende peke yako. Jumamosi hii mchukue mzee wa kwenu, mama, shangazi, babu, yule jirani aliyekuwa fundi wa mitumbwi. Mlipie nauli na kiingilio. Msomee vibao kwa lugha yake, polepole. Na akisimama mbele ya kabati moja akaanza kucheka, tafadhali usimwambie anyamaze. Toa kalamu uandike.