Acheni Vijana Wacheke

Kuna maneno nimeyachoka hapa kambini: "Vijana wasome vitu vya maana." Ukiuliza vya maana ni vipi, unaletewa kipeperushi cha kunawa mikono, cha mimba za utotoni, cha amani. Sivikatai, mimi mwenyewe huvigawa. Lakini katuni za mapenzi za Kijapani zimeondolewa kwenye rafu ya vijana, eti ni upuuzi na zinaharibu wasichana. Hapo nakataa, tena hadharani.

Tuchukue moja tu, Fruits Basket ya Natsuki Takaya, iliyotoka Japani kuanzia 1998 hadi 2006, vitabu 23. Walioiondoa sijui kama waliifungua. Msichana anaitwa Tohru Honda, yuko sekondari. Baba alishafariki, mama kafa kwa ajali ya gari. Anaishi wapi? Kwenye hema! Mchana shule, jioni anafanya kazi ya usafi apate pesa. Udongo unaporomoka, unafukia hema, na kinachomuuma ni picha ya mama yake iliyobaki chini. Sasa niambieni, nani hapa anahitaji semina ili aelewe hilo?

Halafu uchawi wake. Anapokewa na ukoo wa Sohma, na baadhi yao wana laana: wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine wanageuka wanyama. Huyu panya, yule mbwa, yule paka. Wakirudi kuwa watu, hawana nguo! Vijana hucheka mpaka machozi. Wazazi wetu mnaoogopa mimba, hebu fikirini: haya ni mapenzi ambayo hata kukumbatiana ni shida. Inabidi waongee, wasikilizane, wavumiliane. Kipeperushi gani kinafundisha hivyo?

Kuna mahali Tohru anakumbuka mchezo wa utotoni. Kila mtoto anapewa jina la tunda, likiitwa anainuka. Yeye wenzake walimpa "tonge la wali". Akakaa akisubiri kuitwa, na tonge si tunda. Sisi tunaosimama mbele ya ubao wa matangazo tukitafuta majina yetu, tunamjua huyo mtoto.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, nina neno. Kila warsha ya uandishi mnataka safari: tulikimbiaje, tuliona nini, nani alikufa. Picha, ripoti, kwisha. Binti akitaka kuandika juu ya mvulana anayegeuka mbuzi kila akiona haya, anaambiwa hiyo si mada ya mradi. Nani alisema mkimbizi ana hadithi moja tu?

Mtasema hadithi nyepesi zinasahaulisha shida. Hii haisahaulishi. Ndani yake kuna mkuu wa ukoo anayewaumiza wenzake tangu utotoni, kuna mama aliyemkataa mwanawe. Ila mwandishi alianza na kicheko, ndiyo maana msomaji anafika mpaka huko.

Ninachodai ni kidogo. Vitabu virudi kwenye rafu. Tupate saa moja kwa wiki ya kusoma bila fomu ya kujaza. Warsha ijayo mada iwe wazi: anayetaka safari aandike safari, anayetaka paka aandike paka. Na mzazi mwenye wasiwasi aje akae nasi, tumsomee kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, kuanzia kulia kama Wajapani. Asipocheka, tutaongea.