Siyo "kamafua tu", jamani

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena kipindi cha testi. Leo naomba nitoe ya moyoni kuhusu hiki kitu kinachozunguka hosteli, sasa wiki ya tatu.

Jengo letu ni kikohozi juu mpaka chini. Chumba kina vitanda vinne, lakini ukihesabu na wanaobebwa tunalala sita. Mmoja alianza Jumapili, Jumatano wakawa watatu. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: "aah, kamafua tu."

Hapo ndipo nisipokubaliana na washkaji. Mafua ya kawaida huanza polepole, pua inachuruzika, ila darasani unafika. Influenza inakuangusha ghafla: asubuhi mzima, jioni hata ndoo ya maji huwezi kuinua. Ni virusi tofauti kabisa, na vinabadilika badilika, ndiyo maana uliumwa mwaka jana na mwaka huu unaumwa tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 290,000 hadi 650,000 hufa kila mwaka kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Walio hatarini zaidi ni wazee, watoto wadogo, wajawazito na wenye maradhi ya muda mrefu. Chumbani kwetu yupo mwenye pumu. Yule ikimpata siyo kamafua.

Halafu kuna hili la dawa. Wote wanakimbilia amoksilini, tena nusu dozi maana bumu limekata. Jamani, amoksilini inapambana na bakteria. Virusi havina habari nayo. Siku ya tano unapata nafuu unasifia dawa, kumbe mwili umejimalizia wenyewe, na wewe umewafundisha bakteria usugu bure. Pumzika, kunywa maji ya kutosha, meza parasetamo ya homa. Na kapime malaria kwanza, maana homa zetu huku haziji na kitambulisho.

Tatizo jingine ni kwamba mtu anaweza kuanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya, na anaendelea kama siku tano mpaka saba. Kwa hiyo kumkimbia anayekohoa peke yake haitoshi. Kunawa kwa sabuni, kukoholea kwenye kiwiko, kufungua madirisha, hayo ni ya wote. Sisi madirisha tunafunga kwa sababu wavu umetoboka: tunakimbia mbu, tunakumbatia mafua! Na zile ndoo za kunawia za mwaka 2020 pale kantini siku hizi ni mapambo, koki zimekauka.

Ila lawama yangu kubwa siyo kwa wanafunzi. Ukikosa testi bila ED, umekula sifuri. Sasa mtu anaungua homa, achague nini? Akapange foleni zahanati nusu siku, akiwakoholea wajawazito, apate karatasi tu? Wengi wanaona bora waje ukumbini, wakae bega kwa bega na watu mia tatu. Kudisko kunaogopwa kuliko homa. Mimi nasema kila mwanafunzi apewe siku chache za kuumwa kwa muhula bila ED, atoe taarifa kwa kiongozi wa darasa, kisha afanye testi ya marudio. Mtasema watu watadanganya. Sawa, wapo, na marudio yawe magumu zaidi basi. Bado ni nafuu kuliko darasa zima kulala.

Na wanafunzi ni wasafirishaji wazuri wa hivi virusi. Mwezi Juni 2009, mgonjwa wa kwanza wa H1N1 kuthibitishwa Kenya alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza. Sisi hapa likizo ikifika tunajaa kwenye mabasi kwenda kwa bibi Songea, Bukoba na Tanga.

Chanjo ipo, inarekebishwa kila mwaka kufuata virusi vinavyozunguka, ila huku kwetu siyo kitu unachokikuta kila zahanati. Mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo amuulize daktari.

Na ukiona pumzi inakata, kifua kinabana, au homa imeshuka halafu imerudi kwa kishindo, usisubiri testi iishe. Mwamshe mwenzako, mwende hospitali usiku huo huo.