Kamera Haikuzimwa

Machi 2025, huku pembezoni mwa Temeke, nilikesha usiku kadhaa nikitazama kiota cha tai kilichoko California. Saa tatu usiku kwetu ni asubuhi kwao, na bando langu la intaneti liliteketea kwa ajili ya ndege wawili, Jackie na Shadow, waliojenga juu ya msonobari karibu na ziwa la Big Bear. Mke wangu alidhani nasahihisha mitihani.

Kamera ile inasimamiwa na jumuiya ya wahifadhi, Friends of Big Bear Valley. Mwaka 2024 Jackie alitaga mayai matatu. Jike na dume wakapokezana kuatamia, theluji ikiwafunika migongo. Halikuanguliwa hata moja, nao wakaendelea kuyakalia muda mrefu baada ya siku za kuangua kupita. Mwaka uliofuata yaliangulika yote matatu. Kinda mmoja akafa katika dhoruba ya theluji, wawili wakakua na kuruka. Tuliyaona yote, msiba na furaha, kwa kuwa kamera haikuzimwa mambo yalipoharibika. Na watazamaji hawakukimbia.

Nikaikumbuka Dodoma. Januari 2016 Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, aliliarifu Bunge kwamba TBC itaacha kurusha mubashara sehemu kubwa ya vikao, kwa hoja ya gharama. Wananchi wakabaki na muhtasari uliorekodiwa. Hoja ya gharama si ya kupuuzwa katika nchi maskini. Kilichonikera ni dhana iliyojificha nyuma yake: kwamba mwananchi asipomwona mbunge wake akisinzia, atamheshimu zaidi.

Leo vikao vinapatikana mtandaoni, nami napongeza. Ila giza nene zaidi liko mtaani. Ofisi ya mtaa wangu ina ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli. Taarifa ya mapato na matumizi iliyomo ni ya mwaka juzi. Michango yetu ya kuchimba mtaro haimo. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole: "Dokta, tukibandika kabla kazi haijakamilika, watu wataanza maneno."

Maneno yameshaanza, ndugu yangu. Mtaro umeishia nusu, na kila apitaye anauona. Kisichoonekana ni hesabu tu. Masika yanakaribia, na ufunguo wa kufuli lile, nimeambiwa, yupo nao karani aliyekwisha kuhamishwa.