Kanseri inangojea pensheni

Ndugu mutumishi, na wewe mama wa nyumba, kila mara ukurasa huu unakukumbusha juu ya kofia, viatu na mukanda wa usalama. Ni vizuri. Jiwe likianguka juu ya mguu, kila mutu anaona, shefu wa kazi anaandika, na hesabu ya aksida inabandikwa kwenye mulango. Lakini kuna ugonjwa usioanguka kama jiwe. Mavumbi uliyovuta ukiwa na miaka 25 yanaweza kukuletea kanseri ya mapafu ukiwa na miaka 55. Siku hiyo umekwisha kukamata pensheni, umerudi kwenu, na dosie yako ya dispanseri imefungwa. Nani atakuhesabu?

Mimi nasema hivi: vita na kanseri inaanza na daftari, haianzi na mashini. Wengi wanabisha. Wanasema daftari haliponyi mutu. Basi tuangalie jirani yetu Uganda, kwa sababu tangu mwaka 2022 Kongo iko pamoja naye katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, munganga wa kupasua kule Kampala, aliandika juu ya uvimbe mubaya wa taya uliokuwa unaua watoto. Hakutosheka na kisu. Alitaka kujua uvimbe ule unapatikana wapi, na wapi haupatikani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walishika njia kwa gari la zamani mpaka Afrika ya Kusini, wakisimama ku hospitali moja moja, wakionyesha foto na kuuliza kama ugonjwa ule unaonekana pale. Kila jibu liliandikwa. Karata ikaonyesha kwamba ugonjwa unapenda inchi za joto na mvua, pale malaria inapokaa. Mwaka 1964, kule London, Epstein na wenzake wakakuta virusi katika uvimbe huo. Na mwaka 1967 ikafunguliwa, ku hospitali ya Mulago, nyumba ya kutunza watoto hao kwa dawa. Nyumba hiyo ndiyo leo Institi ya Kanseri ya Uganda. Sheria ya mwaka 2016 imeipa uongozi wake yenyewe. Inatunza wagonjwa, inafundisha waganga, inapima watu wazima kabla hawajaugua, inatafuta sababu za ugonjwa.

Ona jinsi kazi ilivyofuatana: walihesabu, wakauliza sababu, kisha wakajenga.

Kampala wana daftari la kanseri tangu miaka ya 1950, na ni moja kati ya yale ya zamani zaidi katika Afrika. Karani anapita katika hospitali na laboratwari, anaandika umri wa mugonjwa, ni mume au muke, anakaa wapi, kanseri imeshika sehemu gani, ilijulikana siku gani. Anaangalia sana mutu mumoja asihesabiwe mara mbili. Ni kazi ya kuchokesha. Sijaona mukubwa anayekuja kukata kamba kwa ajili ya daftari.

Mashini nayo inafaa, na sisi watu wa shaba na kobalti tuna haki ya kuijua. Kobalti ya kawaida, ikitiwa katika reaktere ya nuklea, inageuka kuwa kobalti 60, inayotoa miali ya kuua kanseri. Lakini nguvu yake inapunguka nusu kila miaka 5 na miezi kama 3. Ikizeeka, mugonjwa analala muda murefu zaidi chini yake, na wenzake wanangojea inje. Uganda nzima ilikuwa na mashini moja ya namna hiyo. Mwaka 2016 ikafa kabisa. Wagonjwa wengine wakapelekwa Nairobi, na wengi wakabaki, mpaka mashini mupya ilipoanza kazi mwanzo wa mwaka 2018.

Sasa turudi kwetu chini ya shimo. Kule Schneeberg, inchi ya Ujerumani, wachimbaji walikufa na kifua kwa mamia ya miaka, na watu wakasema ni ugonjwa wa mulima tu. Mwaka 1879 waganga wawili, Härting na Hesse, waliandika kwamba ni kanseri ya mapafu. Waliweza kwa sababu walifuata wachimbaji wale mpaka kifo na kufungua maiti. Baadaye sana ikajulikana kwamba radoni, gazi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwa urani, ndiyo sababu kubwa. Na urani si mugeni kwetu, muulize muzee yeyote juu ya Shinkolobwe. Waganga wa dunia wanaokutana Lyon, Ufaransa, wanaweka radoni, mavumbi ya silika na moshi wa dizeli kati ya vitu vinavyoleta kanseri bila shaka. Mwaka 2022 waliweka madini ya kobalti kati ya vile vinavyozaniwa sana kuileta. Sigara juu ya radoni inazidisha hatari mara nyingi, kwa hiyo usiniambie unavuta ili kusafisha kifua.

Mama, usizani haya ni mambo ya wanaume. Kanseri ya mulango wa kizazi inapatikana mapema kwa siki tu: muuguzi anapakaa, anangojea dakika moja, pahali pabaya panageuka peupe, na mara nyingi panatunzwa siku ile ile. Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, walianza hivyo mwaka 2006, kabla hospitali yao ya kanseri ya Lusaka haijafunguliwa mwaka 2007.

Ninaomba nini? Kwa wakubwa wa kampani: dosie ya mutumishi isifungwe siku ya pensheni. Muzee apimwe kifua kila mwaka, na fishi yake iseme alifanya kazi pahali gani, miaka mingapi, na mavumbi gani. Wengine watasema hiyo ni feza nyingi. Kabati moja na karani mumoja havishindi bei ya gurudumu la gari kubwa la machimbo.

Kwako mutumishi: tunza karatasi zako zote za kazi pamoja na zile za ndoa. Ukikohoa zaidi ya majuma matatu, au ukitema damu, usiseme tu «kifua». Mwambie munganga: nilifanya miaka 18 chini ya shimo, nilikuwa wa kutoboa mawe. Hata kama munganga huyo yuko mbali, katika muji usiojua mini.

Na mujane wa mutumishi asikae kimya. Apite kwenye dispanseri, aseme mume wake alikufa na nini na alifanya kazi upande gani. Nina daftari juu ya meza, na nitaandika.